Tupeane uzoefu: mwanao mtu mzima anafanyia kazi nyumbani kwako, mmewekeana taratibu gani?

Mama wa Watatu
Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu. Binti yangu amerudi kuishi nami, na ana ajira kamili ambayo huifanya chumbani kwake kwa kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nimestaafu, nyumba ni yangu, na nimezoea kwamba mtu nikimwita ataitika. Juzi nilimwita zaidi ya mara moja anisaidie kuhamisha kabati, akatoka akiwa amekunja uso na kuniambia, "Mama, niko kazini." Neno lile limenikaa moyoni, kwa sababu mimi nilikuwa namwona kwa macho yangu mwenyewe kwamba yuko nyumbani na ameketi. Sitaki tugombane. Nataka kujua wenzangu mliwekeana taratibu gani, ni nani aliyezianzisha, na kama zilidumu.

Kitindamimba
Shikamoo mama. Naandika kama mtoto, kwa kuwa neno la binti yako nimelisema mara nyingi kwa wazazi wangu. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Programu ninayotumia huandika kila wakati ninapoacha kiti, na mimi hutakiwa kueleza sababu, kwa hiyo nikiitwa kwenda kumfungulia mgeni mlango, muda huo unahesabiwa kuwa nimeacha kazi. Mzazi haoni hilo. Anachoona ni mtoto aliyekaa mbele ya kioo. Kilichotuokoa ni kitambaa chekundu kinachofungwa kwenye kitasa cha mlango. Kikiwepo, haingii mtu. Kisipokuwepo, hodi inatosha. Wazo hilo lilitoka kwa baba, na naamini ndiyo sababu linaheshimiwa hadi leo, kwa maana lingetoka kwangu lingeonekana kuwa amri ya mtoto kwa wazazi wake.

Mpenda Utulivu
Nakubaliana kabisa na suala la kitambaa. Sisi tunatumia kadi, na imesaidia sana.

Baba Mwenye Nyumba
Mimi naona tofauti. Nyumba ya wazazi haiwezi kugeuzwa ofisi yenye vibali vya kuingia na kutoka. Mtu mzima anayetaka mlango wa kufungwa na ukimya wa siku nzima anajua pa kuupata, nao ni kwenye pango analolilipa mwenyewe. Kwangu tulianza na gharama, kwa sababu kompyuta, taa na feni zinawaka kutwa nzima na intaneti inatumika kwa faida ya mwajiri wake. Analipa intaneti yote, na ongezeko la bili ya umeme ni lake. Baada ya hapo ndipo tukazungumza habari ya kelele. Anayetaka utaratibu aanze na mkoba.

Kitindamimba
Mzee wangu, kwa heshima zote, gharama ni haki yako kuzidai, lakini mtoto anayelipa bili zote bado anaingiliwa katikati ya mkutano. Fedha haikuondoa tatizo analolisema mama hapo juu.

Bibi wa Nyumba ya Pembeni
Nimesoma habari za mlango wa kufungwa nikashindwa kunyamaza, naomba mnivumilie.

Naishi na mwanangu wa kiume, naye hufanya kazi ya mahesabu kwa kampuni iliyo mbali. Tulikaa chini tukakubaliana kwamba mlango wake ukifungwa kwa ufunguo asigongewe kabisa, hata nyumba ikiungua; ndivyo tulivyosema, kwa maneno hayo hayo. Siku moja alikuwa na mkutano na wakubwa wake, akafunga. Mimi nikaenda bafuni, sakafu ilikuwa imelowa, mguu ukateleza nikaangukia ubavu. Niliita. Nilikuwa naisikia sauti yake ikipita ukutani, akieleza hesabu zake kwa utulivu, na kila aliponyamaza nilidhani amenisikia, kumbe anawasikiliza wenzake. Alikuwa amevaa hedifoni zile za kuzuia kelele. Simu yangu ilikuwa sebuleni. Nilijaribu kujiburuta, maumivu yakanikatalia, nikaivuta ndoo nikawa naigonga sakafuni hadi mkono ukachoka. Mkutano ulipokwisha alitoka kutafuta maji ya kunywa, ndipo akanikuta. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini alikaa muda wote akiwa ameshika viatu vyangu mapajani, hasemi neno.

Naomba asilaumiwe hapa, kwa sababu alitii utaratibu tuliowekeana sote wawili. Kilichopungua ni utaratibu wenyewe: tulipanga namna ya kumwacha afanye kazi, hatukupanga namna ya kumtoa kazini. Sasa simu yangu ninaivaa shingoni kwenye kifuko. Simu yake ameipanga ili namba yangu iite kwa sauti hata anapokuwa amezima milio mingine yote, na nikipiga mara mbili mfululizo anatoka, hata kama anayezungumza ni mkubwa wake. Jambo hilo amewaambia kazini na wamelikubali. Mlango unafungwa, lakini ufunguo hauzungushwi tena.

Mpenda Utulivu
Pole sana, mama yetu. Nimesoma huku nimeshika moyo.

Jirani Mwema
Pole bibi, lakini mimi siwezi kukubali kwamba kijana huyo hana lawama. Anaishi na mzazi mtu mzima, kisha anaziba masikio na kujifungia kwa ufunguo? Hata bila makubaliano yoyote, angepaswa kutoka kumtazama.

Kitindamimba
Ameomba mwanawe asilaumiwe, nawe umeanza na lawama. Tafadhali mheshimu.

Baba Mwenye Nyumba
Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo kwamba milango ya kufungwa haifai. Kisa hiki kimetoa jibu.

Zamu ya Usiku
Mzee, hapana. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba mlango bado unafungwa. Kilichobadilika ni ufunguo na simu. Usichukue maumivu ya mtu ukayafanya ushahidi wa hoja uliyokuja nayo.

Fundi wa Mitambo
Pole sana, bibi. Niongeze jambo moja kuhusu hedifoni hizo. Zina vipaza sauti vidogo vinavyonasa kelele za nje, kisha hutengeneza wimbi lililo kinyume ili kuzifuta. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa mingurumo ya mfululizo kama ya feni, na sauti ya mtu anayeita huzipenya kwa kiasi, ila sponji iliyofunika sikio pamoja na mazungumzo ya mkutano vinaimaliza. Aina nyingi zina hali ya kupitisha sauti za nje, na anayeishi na mzee au mtoto mdogo aiwashe. Halafu, kabla hamjagombana kuhusu nani anamaliza intaneti, ungeni kompyuta ya kazini kwa waya kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Mikutano ya video hutuma picha na pia kupokea, na huduma nyingi za majumbani zina kasi ndogo ya kutuma, kwa hiyo mwingine akianza kupandisha video zake, mkutano unakwama. Wasio na waya wakumbuke kwamba oveni ya maikrowevu huvuruga mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4; hamieni yale ya gigahezi 5.

Jirani Mwema
Mimi nasema asivae hedifoni kabisa.

Kitindamimba
Halafu siri za wateja zisikike hadi sebuleni? Avae sikio moja.

Msomi wa Sheria za Kazi
Wazazi wanaosema "yupo tu nyumbani" wakumbuke kwamba Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 177 kuhusu kazi za ajira zinazofanyiwa nyumbani mwaka 1996, na msingi wake ni kwamba anayefanyia kazi nyumbani atendewe sawa na wafanyakazi wengine. Nashauri mwandikiane makubaliano na kuyatia saini.

Baba Mwenye Nyumba
Mkataba huo unahusu mwajiri na mfanyakazi, haumhusu mama na mwanawe. Saini kati ya mzazi na mtoto ni tusi.

Zamu ya Usiku
Kwetu tuliandika bila saini, na kuandika kulisaidia, kwa sababu saa zangu hubadilika. Wateja wangu wako Marekani, ambako saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, wakati sisi hatuzigusi. Kwa hiyo kati ya Machi na Novemba naanza saa tatu usiku badala ya saa nne. Mama alidhani nimevunja ahadi ya kula pamoja, hadi nilipombandikia ratiba zote mbili ukutani. Lililo gumu zaidi ni usingizi wa mchana. Mtu anayelala saa tano asubuhi huitwa mvivu na kila mgeni anayeingia, na utaratibu niliouomba ni kwamba mama anijibie mwenyewe kwa wageni ili nisiamshwe nijieleze.

Mama wa Watatu
Nawashukuru nyote, na bibi, nakuombea nafuu. Jioni hii nimeketi na binti yangu. Nilidhani ataomba ukimya, lakini la kwanza alilotaka ni kwamba nisimwahidi kwa watu. Ndugu wakipiga simu kuomba mtu wa kuwasindikiza au kuwaangalizia watoto, nimekuwa nikijibu, "Mtumeni binti yangu, yeye yupo." Amesema hilo linamchosha kuliko kelele zote. Nimekubali kumwuliza kwanza, naye kila usiku ataniandikia saa za mikutano ya kesho ili nijue wakati wa kumwita. Simu za dharura tumezipanga kama alivyoeleza bibi. Kuhusu bili ya umeme bado hatujaafikiana, kwa hiyo Baba Mwenye Nyumba, nieleze: hilo ongezeko mlilipataje, mlilinganisha bili za kabla hajarudi na za sasa, au mna mita ya pembeni?