Tupeane uzoefu: tuliokaa bondeni Msimbazi, tuambiane tuliyoyaona

KijanaWaMagomeni: Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita Jangwani, hapa Dar es Salaam, kwenye bonde la mto Msimbazi, nikaona upande ule zilikokuwa nyumba pako wazi, jicho halizuiwi na kitu. Nimekulia hapo. Sasa tunaambiwa bonde litakuwa bustani ya jiji, na njia za kutembea na viwanja, na mikoko irudi kule chini karibu na daraja la Selander, mto unapoingia baharini. Mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 200, uliidhinishwa 2022. Naomba tuliokaa pale tuandike, maana watakaokuja kupiga picha za harusi hawatajua pamepitiwa na nini.

Kigogo_Kati: Nakazia mkuu. Utoto wangu wote uko mle.

MamaShani: Mimi wa Tabata. Marehemu baba alikuwa anasema walivua kambale mtoni na kula. Sisi tulikuta mchicha tu, matuta mpaka ukingoni, yanamwagiliwa maji yale yale. Wataalamu walishapima mboga za bonde hili wakakuta risasi na metali nyingine nzito. Tangu nilipoambiwa, fungu la mchicha nauliza kwanza limetoka wapi.

Ashura_Bondeni: Nilikuwa napita kimya kimya ila hii mada imenigusa. Desemba 2011, Jangwani. Mvua ilinyesha usiku, tukalala, tumezoea. Alfajiri mama akashusha mguu kitandani ukaingia majini. Tukaanza kupandisha vitu mezani, unga, madaftari, cherehani yake. Muda si mrefu meza yenyewe ikaanza kuelea. Friji lilielea limelala chali, mlango unafunguka na kujifunga. Jirani, kaka mmoja fundi seremala, alikata kamba ya kuanikia nguo akaifunga kwenye nguzo ya umeme, umeme ulishakatika, tukaishika mmoja mmoja mpaka juu ya bati lake. Kukaa juu ya bati kunyeshewa nakuvumilia. Harufu ndiyo siisahau. Watu wa juu walikuwa wametapisha vyoo mvua ilipoanza, yote yakatupitia chini ya miguu. Mwaka ule walikufa zaidi ya watu 40 jijini, na wawili nilikuwa nawasalimia kila asubuhi.

Maji yalipopungua cherehani tuliipata, imejaa tope mpaka kwenye kibebeo cha uzi. Mama aliisugua kwa mafuta ya taa, haikushona tena. Wenye nyumba wakapelekwa Mabwepande, mbali kule pembezoni mwa jiji. Sisi wapangaji tuliandikwa kwenye daftari, siku ya kuitwa jina la mama halimo. Tukapanga tena bondeni, maana biashara yake iko Kariakoo na nauli hana.

Kigogo_Kati: Pole sana dada Ashura. Mungu awapumzishe waliotangulia.

Mjuaji_Sinza: Pole, lakini tusemane ukweli. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mliambiwa mkakaidi.

Kigogo_Kati: Kaka, mita 60 kuanzia wapi? Nyumba ya mzee ilijengwa mbali na mto. Mto ndio uliokula ukingo kila masika mpaka ukafika jikoni. Na umeme tuliwekewa, kodi ya majengo tukalipa. Kodi ilipokelewa bila kuulizwa mita.

Mjuaji_Sinza: Sijasema hamkulipa. Nasema dawa ipo. Mto Ng'ombe umejengewa zege, nenda Tandale uone.

FundiMifereji: Ndugu, nimefanya kazi za mifereji. Zege linafaa pale nyumba zimebanana. Lakini maji hayaishii Tandale, yanaingia Msimbazi kwa kasi zaidi, na anayeyapokea ni Jangwani. Bonde linatakiwa lipate nafasi ya kutanuka, majani na miti viyapunguze mwendo, mchanga utue sehemu inayofikika na kijiko. Huo mchanga unatoka milima ya Pugu na kingo zinazobomoka. Usipozuiwa huko juu, watachimba Jangwani na mwaka unaofuata umejaa tena.

Mwananchi_Damu: Uwanja wa Kaunda pale Jangwani usisahaulike jamani, uwanja wetu wa Yanga umegeuka bwawa miaka mingapi?

MamaShani: Mwanangu, Yanga subiri. Watu wamekufa hapa.

Mwananchi_Damu: Samahani mama. Nami mwenye bonde pia, nimecheza chandimu pale.

MvuviWaSelander: Sisi wa mdomoni tunaona kila mnachotupa. Chupa, mifuko, magodoro, vinaganda kwenye mizizi ya mikoko, mche mchanga unafunikwa unakufa. Mkipanda mikoko bila kuweka wavu wa taka kule Kigogo mtapanda kila mwaka.

KijanaWaMagomeni: Hili la wavu ni muhimu. Na geti? Bustani iwe wazi au iwe na kiingilio?

Mjuaji_Sinza: Kiingilio kidogo, la sivyo mwaka mmoja tu ni dampo.

Ashura_Bondeni: Hapana. Coco Beach mtu wa Manzese anakwenda na watoto Jumapili bila kulipa. Waliotolewa pale ndio wawe wa kwanza kuingia, na kina mama wapewe meza za biashara humo humo. Mkiweka geti, mmetuhamisha tena.

FundiMifereji: Na walinzi wachukueni vijana waliokuwa wanachimba mchanga mtoni. Hakuna anayeujua mto kuwashinda.

Kigogo_Kati: Wale? Watauza mpaka mabenchi.

FundiMifereji: Wape mshahara kwanza ndipo uwahukumu.

MamaShani: Mimi naona tunaruka la msingi. Kutapisha vyoo hakuondoki kwa bustani. Huku kwetu gari la kunyonya halipiti uchochoroni, na likipita bei yake ni kodi ya chumba. Mradi uje na vyoo, la sivyo watoto watacheza kando ya kinyesi kilichozungushiwa maua. Anayejua mkutano wa mtaa unafanyika lini huku Tabata au Kigogo aweke hapa, nitakwenda kuuliza hilo.

Kigogo_Kati: Mama, kesho nampitia mjumbe. Nikipata siku naandika hapa hapa.