Tupeane uzoefu: Ulipohamia lugha mpya ya programu, ulibeba nini kutoka ile ya zamani?

Mzee wa Tudor: Assalaam aleikum jamani. Ofisi yetu ya kutoa mizigo hapa Kilindini bado yatumia programu iliyoandikwa kwa Visual FoxPro, lugha ya Microsoft ya kutunza data. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2015, nayo yaenda tu. Kijana wetu ataka kuandika yote upya kwa Python. Mimi nasita, maana hesabu za ushuru mle ndani zimerekebishwa bajeti baada ya bajeti, na aliyeziandika hayupo tena. Mliohama, mlibeba nini mkaacha nini? Nataka yaliyokupata wewe, si uliyosoma.

Binti Likoni: Waaleikum salaam mzee. Mimi nilitoka Java kwenda Kotlin, programu ya simu. Zote mbili hugeuzwa baitikodi ile ile, yaani maagizo yanayosomwa na mashine ya Java, basi Kotlin yaita klasi (kipande cha msimbo) ya Java moja kwa moja. Sikufuta kitu. Skrini mpya Kotlin, za zamani zikabaki. Kilichonichosha ni null tu, yaani mahali pasipo na thamani yoyote: Kotlin hukulinda kwa vitu vyake yenyewe, kinachotoka Java hakikaguliwi hadi programu ianguke.

Fundi wa Marikiti: Msimbo si tabu, tabu ni data. Nilihamisha duka la viungo la jumla kutoka PHP kwenda Go, data ikapita kwa faili za CSV, maandishi matupu yaliyotengwa kwa koma. Karani akazifungua kwa Excel "kuangalia tu", akasevu. Namba zote za simu zikapoteza sifuri ya mbele! Tarehe nazo: 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili, mashine iliyopangwa Kimarekani yasoma Machi 4. Siku hizi nakubali 2024-04-03 na mtindo huo peke yake.

Halafu majina. Wateja wenye ng' walikuja wameharibika, Mwang'ombe akawa Mwangâ€™ombe. Ile alama iliyopinda ilihifadhiwa kwa UTF-8, upande wa pili ukaisoma kama Windows-1252; hizo ni njia mbili tofauti za kuhifadhi herufi. Mkubaliane UTF-8 kabla hamjahamisha hata mstari mmoja.

Na pesa weka kwa senti, namba nzima. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida, utapata 0.30000000000000004. Mhasibu hatakuelewa.

Pwezi: Umesahau namba ndefu za risiti. JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, haina uhakika nazo zikipita 9007199254740991. Zitume kama maandishi.

Baharia wa Bamburi: Kuandika upya ni ugonjwa wa vijana. Nina hesabu ya maji kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, iliyoandikwa kwa Fortran, lugha kongwe ya hesabu. Sikuigusa. Niliifunga kwa f2py, zana inayokuja na NumPy (maktaba ya hesabu ya Python), sasa Python yaiita kama fankshani yake. Jihadhari na jambo moja: Fortran hupanga jedwali kwenye kumbukumbu safuwima kwa safuwima, C na NumPy kwa kawaida mstari kwa mstari. Kwa hiyo NumPy huenda ikanakili jedwali zima kimyakimya, na likiwa kubwa utaona kazi yazorota.

Mzee, hata FoxPro yako yaweza kujengwa kama seva ya COM, njia ya Windows ya programu moja kuitumia nyingine, Python ikaiita. Chagua ya EXE, inayoendeshwa peke yake, maana ile ya DLL huingia ndani ya Python yenyewe, nayo ni ya biti 32 na itakulazimisha Python ya biti 32. Ushuru uendelee kupigwa huko huko, kijana aanze na ripoti.

Mzee wa Tudor: Hilo limeniingia. Na data za DBF, faili za majedwali ya FoxPro?

Fundi wa Marikiti: Python yazisoma. Ila rekodi iliyofutwa FoxPro huwa imetiwa alama tu, yabaki mle hadi mtu aendeshe PACK, amri ya kuiondoa kabisa. Usipoziruka, mizigo iliyofutwa itafufuka. Na maelezo marefu hayamo ndani ya DBF, yamo kwenye faili ya FPT yenye jina lile lile. Zibebe pamoja.

Mzee wa Tudor: FPT? Ndizo kijana alizosema leo ni takataka zajaza diski. Ngoja nimpigie.