Utomvu wa mwembe umeganda kwenye boneti: niuondoeje bila kuharibu rangi?

Mkaazi wa Shela, Malindi

Assalamu alaikum wanajamvi. Gari langu la rangi ya buluu iliyoiva hulala chini ya mwembe, kwa kuwa uani hakuna kivuli kingine, na msimu huu boneti na paa vimejaa matone. Mengine yanang'aa na kunata kidoleni. Mengine yamekauka yakawa ya kahawia, na ukipitisha ukucha unayahisi. Kijana anayeniosheia gari anapendekeza thina, jirani anasema petroli. Niongeze kwamba upande wa mbele ulipuliziwa rangi upya kabla sijalinunua gari hili. Naomba ushauri wa mwenye kuijua kazi.

Fundi Rangi, Maweni

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Thina iache kabisa, na sababu umeitaja mwenyewe. Rangi ya kiwandani hukaushwa kwa joto la tanuri na hufunikwa na tabaka angavu ambalo, ingawa ni jembamba kuliko unywele, huvumilia mengi. Lakini rangi ya gereji huenda ilikaushwa kwa hewa tu, na zipo aina ambazo thina huziyeyusha, zikafutika pamoja na huo utomvu. Petroli nayo hufifisha mng'ao, mbali na hatari ya moto.

Ngoja jioni boneti ipoe, kisha osha kwa maji mengi na shampuu ya gari, maana mchanga wetu wa pwani ukisuguliwa na kitambaa huchora rangi kuliko utomvu wenyewe. Yafunike matone yaliyokauka kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu mpaka yalainike. Yatakayosalia, yakandamize kwa kitambaa laini chenye spiriti kwa muda wa nusu dakika hivi, futa bila kukaza mkono, geuza upande safi wa kitambaa, kisha suuza mara moja. Wembe, kisu na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria visikaribie gari.

Spiriti ijaribu kwanza kwenye ukingo wa chini wa boneti. Wengi hukwambia ujaribu nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta, lakini kwako huko bila shaka ni rangi ya kiwandani, na haitakwambia lolote kuhusu ile ya mbele. Kitambaa kikitoka na buluu, simama hapo hapo.

Mkulima wa Barani

Ndugu, nadhani una vitu viwili tofauti. Yale matone yanayong'aa na kunata kwa kawaida si utomvu. Ni majimaji ya sukari yanayodondoshwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani ya mwembe. Tazama kama sisimizi wanapanda juu ya gari, au kama majani ya chini yameota ukungu mweusi. Hayo huyeyuka kwa maji na sabuni, na spiriti ni kuipoteza bure. Ya kahawia ndiyo utomvu hasa, na mkali zaidi ni ule unaoruka kwenye kikonyo embe linapochumwa, ule ule unaowababua watoto pembeni mwa midomo. Huo usiachwe upigwe na jua, kwa sababu hula rangi. Ungekuwa mfenesi ningesema mengine, kwani ulimbo wake hausikii maji. Hulegezwa na mafuta ya kupikia, ndipo sabuni ifuate.

Mkaazi wa Shela, Malindi

Shukrani sana. Sisimizi wapo, tena wengi. Je, maji yangu ya kisima, ambayo yana chumvi, yanafaa kusuuzia? Na alama ikibaki baada ya utomvu kutoka?

Fundi Rangi, Maweni

Mwenzangu wa Barani amesema kweli. Anza na sabuni, pengine nusu ya kazi itaishia hapo. Maji ya kisima yatumie kuoshea, lakini suuza mwisho kwa maji ya mfereji, na ukiyakosa, kausha kwa kitambaa kabla hayajakauka yenyewe, la sivyo yataacha madoa meupe. Alama iliyobaki ni rangi iliyokwisha kuliwa. Ipake kompaundi laini, yaani dawa ya kusugulia rangi ing'ae, kwa mkono, kidogo tu, kwa sababu kila ukisugua unapunguza lile tabaka la juu, kisha ifunike kwa nta. Isipofutika kwa mara ya pili, iache ilivyo au umwone fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, na mashine ya kung'arishia isipitishwe upande wa mbele kabla hajapima.