Mjadala: Kunyonya mafuta ya kidevu na shingo, ni haki yangu au ni kumkosoa Muumba?

Mwanzisha mada, Dar

Wadau, nakiri mapema kwamba mada hii inanihusu. Nina miaka 43. Kidevu cha pili nimekirithi kwa baba, pamoja na kiwanja cha Kibaha. Mwaka juzi nilipunguza kilo 14 kwa kutembea na kuacha chapati za usiku. Tumbo likaondoka, mashavu yakaondoka, kidevu kikagoma. Sasa nataka kinyonywe. Nilipomwambia dada yangu alinitazama kama nimesema nauza figo.

Tangu hospitali ya umma ya Mloganzila waanze upasuaji rekebishi mwaka 2023, kelele ni zile zile: wagonjwa wanakosa dawa, ninyi mnahangaika na nyama uzembe. Mimi nasema pesa ni yangu na shingo ni yangu. Mtu akisuka rasta za laki mbili hakuna anayemwambia kamkosoa Muumba. Nipingeni, ila kwa hoja.

Mzee wa Kilwa

Mwanangu, rasta hufumuliwa. Shingo utaifumuaje? Enzi zetu mwanamke alisifiwa kwa shingo ya pingili, leo mnalipa ili zifutwe.

Kijana wa Sinza

Mzee, pingili ni mistari ya ngozi. Huyu analalamikia mfuko. Tusimchanganye.

Abu Salma

Assalaam alaykum. Hoja ya kubadili maumbile haitoshi kuitaja tu na kuondoka. Baraza la Fiqhi (sheria za dini) la Kiislamu la kimataifa lilikaa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 na kuutolea uamuzi upasuaji wa urembo. Kurekebisha kasoro ya kuzaliwa au ya ajali waliruhusu. Kupunguza uzito kwa upasuaji, na kunyonya mafuta walikutaja, wakaruhusu pale unene unapokuwa ugonjwa, hakuna njia nyingine na hakuna madhara. Sasa dada yangu, wewe mwenyewe umesema kilo 14 zimeondoka. Ugonjwa uko wapi? Kilichobaki ni kioo.

Mwanzisha mada, Dar

Kioo ndicho ninachoamka nacho kila siku, Abu Salma. Lakini jibu lako nimelipenda, angalau umesoma.

Mlipa kodi

Mimi siongelei dini. Daktari anayeweza kunyonya kidevu ndiye huyo huyo anayetengeneza mkono wa mtoto aliyeungua uji. Hatuna wengi. Saa moja ya kidevu ni saa moja iliyotoka kwa yule mtoto. Wafanye, lakini hospitali binafsi.

Nesi wa zamu ya usiku

Nimekaa chumba cha upasuaji miaka kumi na moja, na nashangaa mmefika hapa bila mtu kuuliza swali la kwanza: hicho ni mafuta kweli?

Mwanzisha mada, simama mbele ya kioo, meza funda la maji. Uvimbe ukipanda na kushuka unapomeza, hiyo huenda ni tezi ya shingo, na hakuna mrija wa kuinyonya. Goita, yaani rovu, si kitu kigeni kwetu, hasa kwa wanaotoka nyanda za juu. Kuna mtu mwingine ambaye taya lake limerudi nyuma tangu kuzaliwa, kwa hiyo hata akiwa mwembamba shingo inaonekana imeungana na kidevu. Kwake huyo utanyonya mpaka mafuta yaishe na bado ataonekana vile vile. Kisha kuna ngozi. Ivute kidogo, iachie. Ikirudi haraka, una bahati. Ikirudi kwa uvivu, ukitoa mafuta chini yake itaning'inia zaidi, na hapo watakwambia sasa unahitaji kukatwa na kuvutwa shingo, kazi nyingine kabisa. Kupungua kilo 14 baada ya miaka 40 kunanitia shaka na ngozi yako, samahani kusema.

Tuseme ni mafuta. Kazi yenyewe si kubwa. Wanatoboa vitundu vya milimita chache chini ya kidevu na nyuma ya ndewe za masikio, wanajaza maji yenye ganzi na dawa ya kubana mishipa ya damu, kisha wanapitisha mrija mwembamba. Njia ya maji haya ilielezwa na daktari wa ngozi wa Kalifornia, Jeffrey Klein, mwaka 1987, na ndiyo iliyowezesha watu wengi kufanyiwa bila usingizi mzito. Ila ganzi hiyo hupimwa kwa uzito wa mtu. Ikizidi inagusa ubongo na moyo. Ndiyo maana nauliza nani anashika sindano, na je, chumbani kuna oksijeni na mtu anayejua kuitumia?

Baada ya hapo utafungwa mkanda kidevuni, utavimba, na umbo lenyewe utaliona baada ya miezi. Kuna mshipa mdogo wa fahamu unaopita ukingoni mwa taya. Ukijeruhiwa, mdomo unacheka upande mmoja. Mara nyingi hurudi sawa, lakini hebu piga picha mwezi wa kucheka hivyo kazini. Na kama ulipotoboa masikio uliota kovu nene, mwambie daktari kabla hajagusa kitu.

Mlipa kodi, uchungu wako naujua. Lakini mtu akifukuzwa hospitali haachi nia yake. Anakwenda saluni.

Shangazi wa Kibada

Nesi umenigusa. Mimi ndiye niliyekwenda saluni. Niliambiwa ni sindano za kuyeyusha mafuta, "hakuna kisu, unarudi kazini kesho". Chupa haikuwa na jina la dawa. Nikapata vivimbe vigumu chini ya taya, vikaja usaha, nikatumia antibiotiki wiki tatu. Kidevu bado kipo.

Nesi wa zamu ya usiku

Pole sana, shangazi. Dawa ya aina hiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 ipo, ni asidi ya deoksikoli, lakini hata hiyo hutolewa na mtaalamu, kwa vikao kadhaa vyenye mwezi au zaidi kati yake. Mwaka 2023 mamlaka yao ya dawa ikaonya kuhusu sindano zisizoidhinishwa, kwa malalamiko yanayofanana na yako: makovu, vivimbe, usaha.

Mkaazi wa Umoja, Nairobi

Huku msidhani ni saluni pekee. Oktoba 2024 mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa urembo kwenye kliniki yenye bango zuri, na Baraza la Madaktari likaifunga. Bango si leseni. Jina la daktari litafute wewe mwenyewe kwenye orodha ya baraza, usiamini cheti cha ukutani.

Abu Salma

Basi tumekubaliana angalau hapo: haramu ya kwanza ni kumkabidhi mwili wako asiyejua.

Mlipa kodi

Mimi sijakubali kitu. Saa za daktari hazijaongezeka.

Mwanzisha mada, Dar

Nimemeza maji mara nne mbele ya kioo. Kuna kitu kinapanda, au ni macho yangu. Mama yangu ni wa Njombe, na dada zake wawili walikuwa na rovu. Jumatatu nakwenda kupima tezi. Nikikutwa sina kitu nitarudi hapa, maana hamjanibadilisha msimamo. Nesi, kabla sijalala: ule mkanda unavaliwa hata ofisini?

Nesi wa zamu ya usiku

Siku za mwanzo unaushindia na kulala nao. Chukua likizo, na ununue mtandio.