Kamera kwenye baiskeli ya milimani: mnaibebaje?

Wakuu, salaam. Tuko wanne, tunapanga siku tatu za kuendesha baiskeli milimani majira haya ya majani kupukutika, na mpiga picha ni mimi. Naomba ushauri: kamera mnaibeba wapi? Safari iliyopita niliitia kwenye begi la mgongoni, nikateleza juu ya majani yaliyolowa yaliyoficha mzizi, nikaangukia mgongo. Lenzi ilipona, mbavu ziliniuma wiki nzima. Sasa nafikiria mkoba wa kifuani, ila nahofia utanizuia kuliona gurudumu la mbele kwenye mteremko.

Halafu mwanga. Chini ya miti, nikiweka kasi ya shata ya sekunde 1/1000 ili mwendeshaji atulie pichani, nalazimika kupandisha ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga) mpaka picha inajaa chengachenga. Nikishuka hadi 1/60 na kumfuata kwa kamera, miti ya nyuma inavutika vizuri sana, lakini napata picha moja kati ya ishirini, na wenzangu wamechoka kurudia kona ileile kwa ajili yangu (wana haki). Mnafanyaje?

Na matairi: nipunguze upepo kidogo kwa sababu ya utelezi, au nitakuwa najitafutia pancha? Tunaondoka wiki ijayo.