Tupeane uzoefu: wenu walianza lini kula wenyewe, kuvua nguo na kwenda chooni?

Mama Pacha wa Langoni
Assalam aleikum. Leo wifi yangu kaja na mwanawe wa mwaka na nusu, kamkalisha mkekani, mtoto kashika kijiko na uji unaingia mdomoni. Si wote, mwengine umeingia sikioni, lakini unaingia. Wangu wawili wanakaribia miaka miwili na bado wananifungulia midomo kama makinda. Bibi yao ndiye awalishaye, kwa tonge, tena akiwafuata mpaka darini. Hebu nanyi semeni, wenu ilikuwaje? Kula, kikombe, nguo, choo, yote. Msinifiche.

Umm Salim
Wangu kikombe alikiweza mapema, kijiko kikachelewa sana. Siri ni kutia maji kidogo tu chini ya kikombe. Ukijaza utaoga wewe.

Bin Shela
Sina mtoto, niko hapa nasoma tu.

Nyanya wa Maweni, Malindi
Sisi mtoto alikalishwa kwenye sinia na wenziwe. Akichelewa kutia mkono, samaki kesha kwisha. Hakuna aliyefundishwa. Sasa mtoto yuko peke yake, ana sahani yake, kijiko chake, na mtu mzima wa kumbembeleza. Atamuiga nani?

Mama Pacha wa Langoni
Shikamoo nyanya. Na miba je? Mie roho yangu iko kwenye miba.

Nyanya wa Maweni, Malindi
Marahaba mwanangu. Mkubwa huchambua, akamsogezea upande wake. Mpe nguru, samaki wa changu ngoja mtoto akue kwanza. Na huyo bibi yao muambie ale nao, asiwalishe. Akishashika tonge lake mwenyewe hatakuwa na mkono wa kuwalisha.

Fundi wa Mkomani
Mie langu ni jengine. Mwanangu kila kitu ashika kwa kushoto. Kijiko, kikombe, mkate. Babangu akimuona humpiga kikofi mkononi. Basi sasa tukienda kwa babu mtoto hali kabisa, akitazama chakula tu mpaka turudi nyumbani. Kuna aliyepitia haya?

Ustadhi Mtulivu
Kula kwa kulia ni sunna na mtoto afunzwe angali mdogo. Mtume (s.a.w.) alimwambia kijana aliyekuwa akila naye ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hapo hapana mjadala.

Muuguzi Mstaafu
Alimwambia, ustadhi. Hakumpiga. Na yule hakuwa wa mwaka mmoja.

Ustadhi Mtulivu
Wapi nimesema apigwe? Someni kwanza.

Muuguzi Mstaafu
Nimesoma. Fundi, mtoto mdogo hubadilisha mikono, leo huu kesho ule, na wengi upande wao hujulikana wakishapita miaka miwili hivi. Tonge msogezee kulia kwa upole. Kijiti, mpira, penseli mwachie achague. Ukimlazimisha kwa kofi utapata mtoto wa mkono wa kushoto anayeogopa chakula.

Fundi wa Mkomani
Apigaye ni babangu, si mie. Nimwambieje?

Umm Salim
Mpeleke ameshashiba.

Mke wa Nahodha
Nyinyi mwalilia watoto wasiojua. Mie wangu naomba asahau.

Alianza na nguo. Kuvaa hajui mpaka leo, kichwa chaingia mkononi, lakini kuvua! Suruali ya mpira huivuta mara moja, imetoka. Akaja kwenye ndara, akaja kwenye vifuniko vya mikebe, sukari ikamwagika, sote tukacheka, mashallah ana akili. Kisha akaujua mlango.

Mwaijua milango yetu ya Mkomani, Lamu, mbao mbili nzito na mnyororo. Mnyororo uko juu, haufikii. Ila siku ile kulikuwa na hitima nyumba ya pili, watu waingia watoka kuazima masinia, hakuna aliyeutia. Mie niko darini jikoni nakuna nazi. Dadake adhani yuko nami. Mie nadhani yuko na nyanyake. Nyanyake yuko kwenye mswala. Nashuka, kimya. Wenye watoto wadogo mwajua kimya kile. Mlango wazi, ndara moja iko kizingitini.

Nilitoka na leso, buibui sikuliona wala sikulitafuta. Kichochoro cha juu kina watu wa hitima, hawajamuona. Nikateremka kuelekea Ndia Kuu. Mama mmoja barazani akaniambia kapita mwana mdogo nyuma ya punda wa kubeba mchanga, watelemka pwani, na mwana hana nguo. Nikajua ni wangu. Suruali tuliikuta barazani kwa watu. Na maji yamejaa siku ile, yagonga ukuta. Miguu ikaniisha, wallahi, dadake ndiye aliyenishika. Huko nyuma msikitini washatangaza kwa spika: mwana mwanamume, hana nguo, mwenyewe aje.

Tulimkuta kwenye gati, kaketi juu ya gunia la mtele katikati ya mahamali, ala mahamri. Aliponiona hakulia. Akanikatia kipande. Tena kwa mkono wa kulia, ustadhi ufurahi.

Ustadhi Mtulivu
Mashallah. Nimefurahi.

Bin Shela
Sasa baba alikuwa wapi?

Mke wa Nahodha
Baharini. Na wewe ulikuwa wapi?

Dada wa Barani, Malindi
Na mwenye punda naye? Mtoto yuko uchi nyuma yako hujageuka?

Kijana wa Mchanga
Mwenye punda hutazama mbele. Kichochoro chenyewe chembamba, ukigeuka unagongana na mtu na ndoo yake. Msitutupie kila kitu sisi.

Dada wa Barani, Malindi
Hakuna aliyekutaja wewe.

Kijana wa Mchanga
Umetaja punda.

Umm Salim
Mie siku hizo nafunga mnyororo hata nikiwa nyumbani na watu kumi. Wageni wabishe hodi.

Mama wa Mokowe
Naona habari imehamia kwa punda, lakini naomba niulize. Wangu ana miezi 17, hajatembea. Ashika ukuta, asimama dede, ukimwachia akaa chini na kucheka. Mama mkwe ataka nimpeleke pwani nimfukie mchangani mpaka kiunoni, asema miguu itapata nguvu. Sijalala.

Mama Pacha wa Langoni
Mfukie. Mmoja wa pacha wangu nilimfukia, haikupita muda akatembea.

Dada wa Barani, Malindi
Na yule mwengine?

Mama Pacha wa Langoni
Alitembea wiki ile ile. Bila kufukiwa.

Baba Watano
Mnunulie kile kigari cha magurudumu, akae ndani ajisukume.

Muuguzi Mstaafu
Kigari usinunue, nakusihi. Canada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka navyo kwenye ngazi. Na ngazi zetu mwazijua. Isitoshe havimfundishi kutembea, vinamfundisha kusukuma kwa vidole vya miguu.

Sasa wewe mama wa Mokowe, lala. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vyake 2006: watoto wenye afya walianza kutembea peke yao kuanzia miezi 8 na kidogo mpaka karibu 18. Usiambiwe hao ni watoto wa kizungu, Oman walikuwemo, na Ghana pia. Wako yuko ndani bado. Akitimiza miezi 18 ana chanjo ya pili ya surua na rubela, kwa hivyo utakwenda kliniki vyovyote. Beba kijitabu cha mama na mtoto, na kama bado hajapiga hatua umwambie daktari amtazame, usingoje wakuulize. Lakini ukiona mguu mmoja mzito kuliko mwengine, au alikuwa anajua jambo akaliacha, nenda kesho.

Mchanga hauna dhara, mfurahishe mkweo. Angalia jua tu.

Mama wa Mokowe
Mungu akuweke. Miguu yote iko sawa.

Baba Watano
Wangu watano wote walikaa kwenye kigari na wote wanatembea.

Muuguzi Mstaafu
Wangetembea tu, baba.

Umm Salim
Choo je? Hapo ndipo pananitoa jasho. Wangu ana miaka miwili, akiliona lile tundu la choo akumbatia mguu wangu. Adhani ataingia.

Nyanya wa Maweni, Malindi
Kaa chini, tandaza miguu, mkalishe juu ya nyayo zako akikutazama, umpigie mluzi. Wangu wote hivyo, kabla hawajajua kusema. Tena hizi nepi za dukani zamfanya mtoto asijue amelowa. Mfunge winda, akilowa atajua mwenyewe.

Dada wa Barani, Malindi
Na winda nani atafua, nyanya? Maji yenyewe twanunua kwa mtungi.

Muuguzi Mstaafu
Poti ya plastiki iweke karibu na choo, azoee chumba kwanza. Na umtazame: akiweza kukaa mkavu kitambo, akajua kuteremsha suruali yake, akakuambia kabla na si baada, basi yuko tayari. Wengine ni miaka miwili, wengine mitatu. Usigombe.

Mke wa Nahodha
Kuteremsha suruali wangu alishafuzu. Kukuambia kabla, bado.

Fundi wa Mkomani
Mie poti nilinunua. Wa kwangu aivaa kichwani.

Bin Shela
Na kulala peke yao? Kuna aliyefaulu?

Umm Salim
We si umesema huna mtoto?

Bin Shela
Natarajia.

Mama Pacha wa Langoni
Mashallah! Hiyo ya kulala fungua uzi wako. Na mke wa nahodha, wale wa barazani walikurudishia suruali?

Mke wa Nahodha
Walirudisha, imefuliwa. Aliivua tena pale pale mlangoni.