Naanza mafunzo ya upasuaji mwezi ujao, nijitayarishe vipi?

Daktari wa Barani (Malindi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni daktari, nafanya kazi hapa Malindi tangu nilipomaliza mwaka wa mazoezi. Nimepata nafasi ya kusomea upasuaji kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, na mwezi ujao naripoti hospitali moja huko bara. Kuzalisha kwa upasuaji nimefanya sana, na majipu na vidonda ndiyo kazi yetu ya kila siku kasualti. Lakini naenda mahali nisipomjua mtu, na nitakuwa mdogo wa wote.

Rafiki mmoja ananiambia ninunue vitabu, mwingine ananiambia nisinunue kitu, nilale tu kila nikipata nafasi. Nataka kusikia kwa waliopitia, au wanaofanya kazi na wanagenzi kila siku. Miezi ya kwanza mtu ashike nini? Na ni kitu gani kinawaudhi kwa madaktari wapya? Semeni wazi, sitakasirika.

Mwaka wa Tatu

Hongera ndugu yangu. La kwanza, elewa umeingia wapi. COSECSA ilianzishwa 1999, makao yake yako Arusha, lakini hakuna kampasi ya kwenda kukaa darasani. Hospitali iliyoidhinishwa ndiyo shule yako. Miaka miwili ya mwanzo ni ya kuelekea mtihani wa uanachama, yaani MCS, halafu unaendelea na FCS, ngazi ya ubingwa, na upasuaji wa jumla wote huchukua miaka mitano. Kwa hiyo hakuna mhadhiri atakayekufuata na ratiba. Usipojitafutia wa kukufundisha, mwaka unaisha.

Daftari la upasuaji lijaze siku hiyo hiyo. Usiku ule ule, hata kama macho yanafumba. Ukiacha wiki mbili hukumbuki nani alifunga tumbo na nani alishika tu ndoano ya kuvuta kidonda kiwe wazi, na mkubwa wa kukutilia sahihi ameshakwenda likizo.

Mafundo fanyia mazoezi nyumbani. Funga uzi kwenye mpini wa droo, mikono miwili kwanza, mkono mmoja baadaye. Ukiwa unaweza kufunga huku unazungumza na mtu na fundo halilegei, uko tayari.

Bi Thieta (Langoni, Lamu)

Marahaba mwanangu. Mimi si daktari, mimi ni nesi wa thieta, chumba cha upasuaji, na wanagenzi wa upasuaji nimewaona wa kila namna. Wengine sasa ni wakubwa, nikiwapigia simu wanapokea kwa adabu. Umeuliza kinachotuudhi, basi nitakwambia.

Ujue saizi ya glavu zako. Utacheka, lakini daktari mpya anaingia, anaulizwa saizi, anasema "yoyote tu." Nafungua saba, zinambana. Nafungua nane, zinapwaya. Pakiti mbili zimekwenda na mgonjwa bado hajaguswa, na huku kwetu kuna wiki tunazihesabu glavu. Ukiingia, taja jina lako kwa kila aliye chumbani, mpaka kwa anayepiga deki, kisha andika jina na saizi ubaoni. Siku hiyo hiyo utakuwa mtu wetu.

Mikono ukishaiosha, vidole viwe juu ya viwiko, maji yateremkie kwenye viwiko. Pete vua, kucha kata nyumbani. Meza yangu ya vyombo usiipapase, omba chombo kwa jina nikupe. Na ukigusa kitu kisicho safi, hata kwa ncha ya kidole, hata kama hakuna aliyekuona, sema. Kubadilisha glavu ni jambo la dakika moja na hakuna atakayekusema.

Sasa niingie kwenye lenyewe. Wanagenzi wengi wanakuja na hamu ya kisu, na kisu utakipata, usiwe na haraka nacho. Mimi nakupima kwa unayoyafanya kabla mgonjwa hajalazwa mezani na baada ya kutoka. Umemwona wodini mwenyewe au umesoma faili mlangoni? Upande wa kupasuliwa umeutia alama kwa kalamu, yeye akiwa macho na anakujibu? Ngiri ya kulia na ya kushoto, mtu akishafunikwa mashuka ya kijani, zinafanana.

Kuna ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ya tangu 2008. Vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, Ifakara ya Tanzania ikiwemo, na matokeo yalipotoka 2009 vifo vilikuwa vimepungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Si mambo ya Wazungu peke yao, basi. Lakini nimeona watu wanaitia tiki yote mara moja, mgonjwa tayari amefungwa mshono. Wewe mdogo ndiye uisome kwa sauti. Kazi hiyo mara nyingi hakuna anayeigombea, ichukue iwe yako.

Na nikisema "nahesabu," mikono yako itulie. Usiombe mkasi, usianze hadithi. Nakumbuka usiku mmoja, tumbo lilikuwa limefunguliwa kwa utumbo uliojisokota, tunataka kufunga, shashi ikapungua moja. Mkubwa alikuwa amechoka, akasema nimehesabu vibaya mwanzoni, tufunge. Mwanagenzi wake, kijana mpole hata sauti haitoki, akaweka koleo chini akasema, "Daktari, naomba tuangalie tena." Akapitisha mkono polepole, chini ya ini, upande wa wengu, nyonga. Hamna. Tukamwaga ndoo, tukazitandika shashi zote sakafuni tano tano. Hamna. Kumbe imeganda na damu chini ya kiatu cha mtu wa usingizi! Mkubwa alinuna mpaka mwisho, ila tangu siku ile kila akifunga tumbo anauliza mwenyewe, "Bi, hesabu imekamilika?" Kijana yule mimi nilijua atafika.

Jingine ni simu. Piga mapema. Usingoje mgonjwa awe mahututi ndipo umwamshe mkubwa. Kabla ya kupiga, andika kwenye karatasi: umri, ameanza kuumwa lini, mapigo, presha, joto, mkojo kiasi gani, umeshafanya nini. Mkojo usisahau. Mtu mzima wa kilo sitini akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, huyo anakukimbia. Halafu ukipiga, anza na unachotaka: "Daktari, naomba uje, nina mgonjwa nadhani utumbo umetoboka." Ukianza na historia ya tangu Jumatatu, mtu aliyetoka usingizini hajui kama unamwomba aje au unampa habari.

Huku kwetu tumejifunza hilo kwa maji. Mgonjwa wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hawezi kupita mlango wa bahari wa Mkanda saa anayotaka, maji yakitoka chombo kinakaa mchangani. Akifika Lamu, kuumwa kwake kuna saa nyingi kuliko anavyosema. Na akihitaji kupelekwa mbele, kuna mashua ya kwenda Mokowe kisha gari mpaka Malindi au Mombasa. Ukichelewa kuamua saa moja, hasara yake si saa moja. Huko bara hutakuwa na bahari, lakini utakuwa na barabara mbovu na pikipiki. Muulize kila mgonjwa: uliondoka nyumbani lini, na ulikuja na nini?

Mzee wa Mashuka ya Kijani

Bi Thieta nakuheshimu, lakini hapo kwenye simu nina neno. Siku hizi tunapigiwa kwa kila kitu. Mwanagenzi hajagusa tumbo la mgonjwa, tayari yuko hewani. Daktari wa Barani, chunguza kwanza kwa mkono wako, uwe na jibu lako, hata likiwa si sahihi. Ukinipigia uniambie unafikiri nini na ungefanya nini kama nisingekuwepo. Hapo nitakufundisha hata saa tisa usiku.

Kuhusu vitabu, kimoja cha anatomia kinatosha kuanzia. Usiku wa kuamkia upasuaji soma operesheni ya kesho tu: tabaka kwa tabaka, mishipa gani iko njiani. Wewe ni wa Pwani, mabusha unayajua, matende yamekuwa huku tangu zamani. Watu hudharau busha, wanasema ni upasuaji mdogo wa mwanagenzi. Nenda uone korodani iliyovimba damu siku ya pili kwa sababu mtu aliona uvivu kuzuia vijidamu vidogo kabla ya kufunga, ndipo utajua. Kausha kila kinachotoa damu, halafu angalia tena. Na mgonjwa mwenyewe zungumza naye kwa staha, huyo amejificha na kanzu pana miaka, kufika kwako tu ni ushujaa.

Bi Thieta (Langoni, Lamu)

Daktari, hatujagombana. Achunguze, aandike, apige. Ila akiwa na shaka kati ya kupiga na kungoja asubuhi, mimi nitamwambia apige. Ukimfokea leo, kesho hatapiga, na atakayeumia hatujui ni mtoto wa nani.

Daktari wa Barani (Malindi)

Ahsanteni sana, Bi nimekusikia, saizi yangu ni saba na nusu. Mzee, nimenakili. Nina moja la mwisho, naona aibu kidogo kuliuliza. Mimi hufunga Ramadhani, na nasikia kule kuna operesheni za saa sita. Wenzetu mnafanyaje? Na nikiomba Idi nyumbani nitaonekana mvivu?

Mwaka wa Tatu

Mimi nafunga. Daku kula kweli, si chai na mkate, na maji ya kutosha. Operesheni ndefu ikikuangukia alasiri, mwambie mkubwa mapema kwamba umefunga. Ukihisi kizunguzungu rudi nyuma ya meza, usianguke juu ya mgonjwa. Mwenzangu mmoja alijikaza na tukamkalisha sakafuni na gauni lake. Ukiona unamhatarisha mgonjwa, fungua, utalipa.

Idi usiiombe kama fadhila. Badilishana: wewe shika zamu ya Krismasi na Pasaka, mwenzako Mkristo akushikie Idi. Mpatane kwa maandishi kabla ratiba haijatoka, na mpe nakala anayepanga zamu, kwa sababu mwezi ukiandama siku tofauti na ile mliyokadiria, hapo ndipo watu hukosana.